Runinga ikiwa giza, si lazima bodi imeungua

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wenye runinga, na zaidi na mafundi wenzangu. Napokea wateja walioambiwa kwingine kwamba bodi imeungua, na bei ya bodi wameshatajiwa. Nikiichomeka flashi, runinga inaonyesha vizuri kabisa. Kweli, radi huweza kuua tundu la HDMI, lile la waya mmoja unaobeba picha na sauti, peke yake, lakini hilo linajulikana kwa kujaribu kifaa kingine kwenye tundu lilelile, si kwa kukisia.

Mara nyingi kinachosumbua ni HDCP, kinga ya kuzuia kunakili iliyobuniwa na Intel. Kabla king'amuzi au kisanduku cha filamu za mtandaoni hakijatoa picha ya HD kwenye waya wa HDMI, hutaka runinga ijitambulishe kwa namba za siri. Isipojibu sawasawa, picha inazuiwa, ingawa hakuna kilichoharibika. Unaona menyu, lakini ukifungua filamu kioo kinakuwa cheusi. Au sauti ipo, picha hamna. Au picha inakuja na kukatika, au chenga tupu.

Mama mmoja mwenye mgahawa jirani na stendi ya Msamvu alikuwa na king'amuzi kimoja kinacholisha runinga mbili kupitia spilita. Aliponunua spilita mpya ya bei chee, zote mbili zikawa giza. Tuliitoa, tukachomeka king'amuzi moja kwa moja kwenye runinga, picha ikarudi palepale. Spilita ndiyo iliyokuwa inakwamisha mazungumzo hayo ya namba. Alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya runinga nyingine!

Kwa hiyo anza hapo: ondoa kila kilichokaa katikati. Kisha chomoa vyote ukutani, usizime kwa rimoti tu, subiri dakika chache, washa runinga kwanza halafu king'amuzi. Badilisha waya, hasa kama ni mrefu. Jaribu na matundu mengine, maana kwenye baadhi ya runinga za 4K, zenye picha kali kuliko HD, si kila tundu linakubali HDCP 2.2, toleo la mwaka 2013 ambalo filamu nyingi za 4K zinalidai. Runinga ya zamani hailijui toleo hilo; ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, shusha picha hadi 1080p, yaani HD ya kawaida, mara nyingi itakubali. Wenye projekta za VGA, tundu la picha la kizamani, wasihangaike kununua vigeuzi kila wiki: VGA haina namna ya kujibu namba hizo. Kama king'amuzi kina matundu ya AV, zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe zitapitisha picha, japo si ya HD.

Kinachoniudhi ni kwamba ufunguo mkuu wa HDCP, unaozalisha hizo namba za siri, ulivuja mtandaoni mwaka 2010, na Intel wenyewe wakathibitisha. Filamu ya wizi haiiulizi runinga yoyote namba za siri. Anayebaki gizani ni aliyelipa.

Waagizaji na wenye maduka waandike kwenye boksi, kwa Kiswahili, ni tundu lipi linakubali HDCP 2.2. Wauza spilita nao waruhusu mteja aijaribu kwa king'amuzi chake kabla hajalipa.

Fundi runinga,
Morogoro