Kome wa Bibi

Roscoff, Ufaransa

Bibi yangu,

Shikamoo. Mama akusomee polepole, maana leo nina maneno. Nyonga imetulia? Mimi mzima, ila baridi tu.

Unakumbuka siku ile tunachokonoa kome, wale konokono wa baharini, kwa pini, nikakuuliza njia yake ya choo iko wapi? Ukanikemea: "Nyamaza, hicho chakula!" Basi nimeiona, Bibi. Iko juu ya kichwa.

Hapa tunalea Haliotis, konokono wa kombe bapa lenye safu ya vitundu. Wafaransa wanamla kwa bei ya kutisha. Siku ya pili tangu yai kurutubishwa, katoto kanaogelea, hata robo milimita hakajafika, na choo kiko nyuma kama kwa kila mwenye adabu. Kisha msuli wa upande mmoja unakavuta. Nilikesha kwenye hadubini mpaka chai ikapoa: kwa saa chache tu, kombe na matumbo vikazunguka robo duara, kichwa na mguu vikabaki palepale. Robo ya pili huja taratibu, siku kadhaa, upande mmoja ukikua kuliko mwingine. Mwishowe matamvua ya kupumulia na choo vyote viko mbele, na mishipa ya fahamu imepishana kama tarakimu 8.

Usidhani ni ule msokoto wa kombe. Yule anayeganda mwambani kama kofia hana msokoto, na matumbo yake yamegeuka vilevile.

Faida yake nini? Mwaka 1928 Mwingereza Walter Garstang alisema ni ili katoto kaingize kichwa kwanza ndani ya kombe adui akija. Mwaka 1985 watafiti wakajaribu kuwapa maadui watoto waliogeuka na ambao bado. Kugeuka hakukuwaokoa.

Konokono wengine wa baharini wamerudi walikotoka. Aplysia, ambaye ukimshika anakumwagia wino wa zambarau, kombe lake limebaki kigamba chembamba ndani ya ngozi, matamvua yamerudi ubavuni kulia na mishipa imejifungua. Mwenzake aitwaye Doris ndiye kiboko: utotoni ana kombe, akishatua chini analivua, na choo kinarudi nyuma kabisa, kimezungushiwa matamvua kama ua. Kwa mapambo hayo ungemsamehe.

Bamvua lijalo, Mama akikuta konokono mtupu wa rangirangi asimguse, ampige picha anitumie. Pesa ya dawa nilituma jana.

Mjukuu wako