Nuru, mwanga na chenga

Morogoro, Jumapili jioni

Mchungaji Yona,

Shikamoo. Najua tumelingana, lakini tangu uvae kola naogopa kukuita "we Yona" kama zamani. Huku sisi wazima, mvua tu ndizo zinatusumbua. Mama Tumaini anakusalimu, na anauliza kama zile ndizi mshare ulizoahidi zinakuja kwa miguu.

Sasa tuje kwenye mahubiri yako. Nimeyasikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Uliposema kwamba marabi wa Kabala, ile elimu ya siri ya Wayahudi, waliujua Mlipuko Mkuu, yaani ulimwengu ulivyoanza kwa joto kali na kutanuka, miaka mia nne kabla ya wanasayansi, na kanisa zima likaitikia "Amina!", nikajua umenichokoza makusudi. Haya, umenipata.

Nianze na ulipopatia. Ni kweli katika Mwanzo nuru inaumbwa siku ya kwanza, na jua linangoja mpaka ya nne. Mimi na wewe tumeusikia mstari huo tangu utotoni, tukaupita kama kituo ambacho basi halisimami. Marabi walishuka. Katika Talmudi ya Babeli, kile kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, sehemu inayoitwa Hagiga, wanabishana juu yake. Rabi Elazar anasema hiyo ilikuwa nuru ya namna yake, ambayo kwayo Adamu aliona toka mwisho mmoja wa dunia hadi mwingine. Mungu alipokitazama kizazi cha gharika na kile cha mnara wa Babeli, akaificha, akawawekea wenye haki kwa siku zijazo. Wenzake wakasema hapana, ni mianga ile ile ya mbinguni, iliumbwa siku ya kwanza ikaja kutundikwa ya nne. Kinachonifurahisha ni kwamba kitabu kimeyaacha majibu yote mawili. Sisi kwenye mtihani wa taifa mmoja wao tungempa sifuri.

Fizikia nayo inasema mwanga ulilitangulia jua. (Ninyi mna "nuru", sisi tumebaki na "mwanga", ambaye pia ni mchawi wa usiku. Tusilalamike.) Jua letu lina umri wa miaka kama bilioni 4.6, ulimwengu una bilioni 13.8. Mwanzoni joto lilikuwa kali mno hata elektroni hazikuweza kutulia kwenye atomi, na mwanga kila ukijaribu kupita unagongana nazo na kupotezwa njia. Unaikumbuka ile safari yetu ya Njombe, alfajiri, dereva kawasha taa zote na haoni hata boneti? Mwanga upo, tena mwingi, ila hauendi popote. Ulimwengu ulikuwa hivyo kwa miaka kama 380,000. Kisha ukapoa, elektroni zikashikwa na viini vya atomi, ukungu ukaondoka, mwanga ukapata njia. Bado uko safarini. Kwa kuwa anga lenyewe limetanuka kama mara 1,100 tangu siku hizo, mawimbi yake yamevutika nalo, leo ni mawimbi ya maikro ambayo jicho haliyaoni, na joto lake limeshuka hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri.

Hapo ndipo ulipaswa kuwasimulia waumini habari ya njiwa. Mwaka 1964 huko Holmdel, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe, na ndani yake kelele ndogo isiyokoma. Wakaigeuzia New York, wakaigeuzia kwingine. Usiku, mchana, majira yakabadilika, kelele ile ile. Wakakuta njiwa wawili wamejenga kiota ndani. Wakawakamata, wakawasafirisha mbali, njiwa wakarudi. Mwisho wakapigwa risasi, maskini. Watu wazima wenye shahada zao wakaingia na kukwangua kinyesi. Kelele haikupungua kitu cha maana. Kumbe pale Princeton, si mbali, Robert Dicke na wenzake walikuwa wanaunda chombo cha kuutafuta mwanga huo huo wa kale. Simu ikapigwa, ikajulikana kwamba kelele ile ndiyo mwanga wenyewe. Mwaka 1978 Penzias na Wilson walipewa Nobeli. Huyo Penzias alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Munich, aliyetoroshwa kwenda Uingereza mwaka 1939 katika treni za watoto. Nakusihi usiigeuze hiyo kuwa ishara Jumapili ijayo. Ni habari ya mtoto wa miaka sita aliyewakimbia Wanazi, na inatosha hivyo ilivyo.

Sasa rudi nyumbani kwa baba yako mdogo, fainali ya Brazil na Ujerumani, 2002. Wewe juu ya bati unageuza mlingoti, sisi chini tunapiga kelele: "Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Na kwenye kioo, chenga tupu, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazochezacheza. Basi katika zile chenga, kama moja kwa mia ilikuwa ni huo mwanga wa kwanza, umetoka mbali kuliko nyota yoyote, unafika sebuleni kwa baba mdogo na kutuharibia mpira.

Tunapoachana ni kwa Luria, yule rabi wa Kabala uliyemhubiri. Isaac Luria alifika Safed, kule Galilaya, mwaka 1570, na mwaka 1572 tauni ikamchukua akiwa na miaka 38. Mwenyewe aliandika kidogo sana. Mengi tunayo kwa mkono wa mwanafunzi wake Hayyim Vital. Alifundisha kwamba Mungu, Asiye na Mwisho, alijaza kila mahali, pasiwe na nafasi ya kingine chochote. Akajivuta, akajikunyata, akaacha uwazi. Mwali wa nuru ukaingia humo ukamiminwa katika vyombo. Vitatu vya juu vilihimili, vya chini vikapasuka, cheche zikaanguka pamoja na vigae na kunasa katika vitu vya dunia. Kazi ya mtu, kwa sala na kwa kushika amri, ni kuziokota.

Wewe ulisema huo ndio Mlipuko Mkuu. Yona, hebu tazama. Kwa Luria kuna anayerudi nyuma ili mwingine apate pa kukaa. Kwenye fizikia anga linatanuka, wala halitanukii ndani ya chumba kilichoachwa wazi. Na kupasuka kwa vyombo ni msiba unaodai kutengenezwa. Nyota kubwa ikilipuka hakuna anayedai kitu, na isingelipuka, chuma kilichomo kwenye damu yako kingebaki kimefungiwa huko huko. Gershom Scholem, aliyetumia maisha yake kuzisoma habari hizi, aliona nyuma ya vile vigae Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Wako wasomi waliompinga, lakini mimi nikisoma habari ya cheche zilizotawanyika ugenini, atomi hazinijii kichwani kabisa.

Ukiona mwalimu wa fizikia nakubana, msikilize padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama atomi moja ya asili. Papa Pius XII alipohutubia mwaka 1951 kana kwamba sayansi imemthibitisha Muumba, Lemaître hakufurahi hata kidogo. Aliona nadharia inaweza kuanguka kesho, na haikuwa haki kuining'inizia imani juu yake.

Kwa hiyo mimi ningehubiri lile la Rabi Elazar, nikamwacha Luria apumzike. Elazar alikuta mstari usiokaa sawa na akakataa kuufunika mkeka. Wale wawili wa Holmdel walikuta kelele isiyokaa sawa na walipomaliza njiwa wakakataa kusema "aa, ni chombo tu". Majibu yao hayafanani hata chembe. Ila nadhani wangekaa meza moja kwa furaha, na ubishi ungekwenda mpaka usiku.

Jambo la mwisho, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Ile televisheni ya chogo ya baba mdogo bado ipo, au mmeshampa fundi? Kama ipo usiitupe. Kidato cha Nne wanaanza astronomia muhula ujao, na darasa zima wamezaliwa wakati wa ving'amuzi. Niliwauliza chenga ni nini wakanijibu ni mchele uliovunjika. Ifunge kwenye blanketi, mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea Msamvu. Ndizi zikae juu yake.

Wako,
Mwalimu Elia