Barua ya Malalamiko: Mchanganyiko Mpya wa Chakula Kikavu cha Mbwa na Thamani Yake

Kwa Meneja,
Idara ya Ubora wa Bidhaa na Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIAMBATO NA THAMANI YA CHAKULA KIKAVU CHA MBWA WAZIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi wa chakula kikavu cha mbwa wazima, kile cha mfuko mkubwa. Ninaandika kulalamikia mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kwanza, mmebadilisha mchanganyiko wa chakula hicho na kuchapisha mbele ya mfuko maneno yanayomfanya mnunuzi aamini kuwa nyama imeongezeka, ilhali lebo yenu wenyewe, ikisomwa kwa makini, inaonyesha kinyume chake. Pili, kwa bei ileile mnauza sasa chakula pungufu kwa uzito na pungufu kwa nishati, wala hakuna mahali popote mlipomwarifu mteja. Nilikwisha kuwaandikia kuhusu jambo hili, nikajibiwa kwa ujumbe mfupi uliosifu "malighafi bora zilizoteuliwa kwa uangalifu" na ulioambatana na kuponi ya punguzo. Kuponi hiyo sikuitumia, kwa kuwa sikuwa nimeomba kupunguziwa bei. Niliuliza maswali, na maswali hayo hadi leo hayajajibiwa.

Mifuko yote miwili, wa zamani na wa sasa, ninayo. Mfuko wa zamani ulianza orodha ya viambato kwa unga wa kuku, yaani nyama na ngozi ya kuku iliyokwisha kupikwa, kukamuliwa mafuta, kukaushwa na kusagwa. Ukafuata mchele, mahindi na mafuta ya kuku. Mfuko mpya unaanza na nyama mbichi ya kuku, kisha mahindi, gluteni ya mahindi (sehemu ya mahindi yenye protini nyingi), chenga za mchele, pumba za mahindi, mafuta ya wanyama, na ndipo unafika unga wa nyama na mifupa. Mbele, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara, mmeandika kwamba sasa kuku halisi ndiye kiambato cha kwanza.

Maneno hayo ni ya kweli kisheria na bado yanapotosha. Viambato hupangwa kwenye lebo kufuata uzito wake wakati vinapoingia kwenye mchanganyiko, kabla ya kupikwa. Nyama mbichi ya kuku ina maji takriban asilimia 70, na sehemu kubwa ya maji hayo hupotea mchanganyiko unapopikwa kwa mvuke na shinikizo, ukasukumwa katika matundu ya mashine na hatimaye kukaushwa. Chukueni mfano wa kilo 100 za mchanganyiko zenye kilo 20 za nyama mbichi ya kuku na kilo 18 za mahindi: kuku ataandikwa wa kwanza bila kuvunja kanuni yoyote, lakini katika punje ya chakula iliyo tayari, yenye unyevu wa asilimia 10, zile kilo 20 zitakuwa zimebaki chini ya kilo 7, huku mahindi, ambayo huingia kiwandani yakiwa tayari makavu, yakibaki zaidi ya kilo 17. Unga wa kuku mliouondoa ulikuwa umekwisha kutolewa maji yake, kwa hiyo ulipoandikwa wa kwanza ulikuwa wa kwanza kweli, hata ndani ya bakuli. Nakubali kwamba jina lake halivutii machoni pa mnunuzi, na nashuku hiyo ndiyo sababu ya kuondolewa kwake, lakini kwa lishe ndio uliokuwa umebeba mzigo.

Kisha mahindi yenyewe yameandikwa kwa majina matatu. Mahindi, gluteni ya mahindi na pumba za mahindi ni zao moja lililogawanywa, na kila sehemu ikipimwa peke yake inakaa chini ya kuku. Zikijumlishwa pamoja, hakuna mtu angeweza kuchapisha kwamba kuku ni wa kwanza. Mgawanyo huu haukuwamo kwenye mfuko wa zamani, na sioni sababu ya kuamini kwamba umejitokeza kwa bahati.

Naomba msinielewe vibaya kuhusu nafaka. Katika jibu lenu mlinishauri nihamie toleo lenu lisilo na nafaka, ambalo lina bei ya juu zaidi, kana kwamba ninachokilalamikia ni uwepo wa mahindi. Mbwa humeng'enya vizuri wanga uliopikwa, na mchele wa mfuko wa zamani haukuwahi kunisumbua. Isitoshe, nimesoma orodha ya toleo hilo pia: zimo njegere, protini ya njegere, wanga wa njegere na nyuzinyuzi za njegere, mchezo uleule kwa zao jingine. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa kutanuka kwa misuli ya moyo wakiwa wanakula vyakula vyenye wingi wa njegere, dengu na viazi, ambavyo vingi vilikuwa vimeandikwa kuwa havina nafaka. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba vyakula hivyo ndivyo chanzo, nami sitaki kutia chumvi. Ila haikufaa mnipendekezee kundi hilo kama ngazi ya juu ya ubora, tena bila neno moja la tahadhari.

Kuhusu mafuta nitasema kwa ufupi. "Mafuta ya kuku" yanamweleza msomaji yametoka kwa mnyama gani. "Mafuta ya wanyama" hayamwelezi. Ndivyo ilivyo kwa "unga wa nyama na mifupa", ambao unaweza kubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine bila lebo kubadilika hata herufi moja. Nazo karoti, spinachi na tufaha mlizozichora kwa rangi nzuri mbele ya mfuko, nimezikuta kwenye orodha baada ya chumvi, ambayo kwa kawaida haizidi takriban asilimia moja ya chakula cha namna hii. Picha hizo zina ukubwa wa kiganja cha mkono. Karoti yenyewe sidhani kama inafika kijiko katika mfuko mzima.

Najua mtanijibu kwa kunionyesha protini. Lebo mpya inasema asilimia 24 ya protini ghafi, ambayo kikipimwa chakula bila maji yake ni karibu asilimia 26.7, na viwango vya AAFCO, yaani chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo nchini Marekani, ambavyo ninyi wenyewe mnavitaja kwenye mfuko, vinataka angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto wa mbwa. Sibishi kwamba mmevuka kiwango. Ninachosema ni kwamba takwimu hiyo haimwambii mteja protini imetoka wapi wala mbwa ataweza kuitumia kwa kiasi gani, kwa sababu maabara hupima naitrojeni na kuizidisha mara 6.25, basi. Kipimo hicho hakitofautishi kifua cha kuku na manyoya, wala hakitofautishi protini na kitu kingine chochote chenye naitrojeni. Mwaka 2007 Amerika ya Kaskazini ilishuhudia mifuko na makopo mengi ya chakula cha mbwa na paka yakiondolewa sokoni, baada ya gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China kukutwa na melamini, kemikali iliyoongezwa ili naitrojeni ionekane nyingi. Mbwa na paka waliharibika figo na wengi wakafa. Siwatuhumu kwa jambo la namna hiyo hata kidogo. Nautaja mkasa huo kwa sababu ulionyesha wazi jinsi namba ya protini ghafi inavyoweza kutimia wakati chakula chenyewe kina kasoro.

Kwa chakula chenu, namba hiyo imeshuka kutoka asilimia 27 hadi 24, na humo ndani imeingia gluteni ya mahindi, ambayo ina protini takriban asilimia 60. Ni protini halali, lakini protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, asidi amino (vijenzi vya protini) ambazo mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea. Mtaalamu wa lishe anaweza kuziba pengo hilo kwa kuongeza asidi hizo zilizotengenezwa kiwandani, na pengine ndivyo mlivyofanya. Hata hivyo, mteja aliyeambiwa kwamba kuku ndiye wa kwanza ana haki ya kujua ni kiasi gani cha zile asilimia 24 kinatoka kwa kuku. Nilipowauliza, mlinijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Nasikitika kusema kwamba sioni siri gani iko katika asilimia moja ya jumla, isiyotaja mgavi wala bei ya malighafi.

Sasa nije kwenye thamani, ambako malalamiko yangu ni mazito zaidi. Mfuko wa zamani ulikuwa na kilo 15. Wa sasa una kilo 14, upana na urefu uleule, bei ileile. Kama mabadiliko yangeishia hapo ningenung'unika tu na kunyamaza, maana vitu vinapanda na ninaelewa. Lakini mafuta nayo yameshuka kutoka asilimia 16 hadi 12. Nyuzinyuzi zimepanda kutoka 3 hadi 4, na majivu, yaani madini yanayobaki chakula kikiunguzwa, kutoka 7 hadi 8. Ukitoa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu wa asilimia 10 kutoka kwenye 100, kinachobaki ni wanga: ulikuwa asilimia 37, sasa ni 42. Kwa kanuni inayotumika kukadiria nishati ya vyakula vya wanyama wa nyumbani, yaani kilokalori 3.5 kwa kila gramu ya protini au wanga na 8.5 kwa kila gramu ya mafuta, chakula cha zamani kilikuwa na kilokalori 3,600 kwa kilo na cha sasa kina 3,330.

Mfuko mzima, basi, ulikuwa na kilokalori 54,000 na sasa una 46,620. Mteja aliyelipa fedha ileile amepungukiwa karibu asilimia 14 ya nishati, ambayo ni sawa na kupandishiwa bei kwa karibu asilimia 16. Bei ya kilo, ambayo ndiyo mnayoitangaza, haiwezi kumfunulia jambo hili, wala kiasi cha kilokalori hakimo kwenye mfuko; imenibidi kukikokotoa mwenyewe mezani.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo kwa maoni yangu linavuka mipaka ya fedha. Punje za sasa zimevimba na ni nyepesi. Nimepima kwa mizani kikombe mnachokitoa pamoja na mfuko, kikiwa kimejazwa na kusawazishwa mdomoni: cha punje za zamani kilikuwa na gramu 110, cha punje mpya kina gramu 98. Mwongozo wa kulisha uliochapishwa nyuma ya mfuko haukubadilishwa. Bado unaelekeza vikombe viwili na nusu kwa siku kwa mbwa wa kilo 20. Vikombe hivyo vilikuwa na kilokalori 990. Sasa vina takriban 816. Mbwa wangu ana uzito huo, na amelishwa kama mlivyoelekeza. Nilianza kuzihisi mbavu zake chini ya vidole bila kubonyeza, ingawa kinyesi chake kilikuwa kimeongezeka na kulainika, na daktari wa mifugo aliyempima alikuta amepungua uzito bila dalili ya minyoo wala ugonjwa mwingine. Aliuliza anakula nini na kiasi gani, na ndipo hesabu hizi zikaanza. Ukimpa mbwa huyo nishati aliyokuwa akiipata zamani, mfuko uliotosha siku 54 sasa unaisha baada ya siku 47.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi na mtu mwenye taaluma ya lishe ya wanyama badala ya idara ya matangazo. Nipatieni kiasi cha kilokalori kwa kilo na kwa kikombe kama kilivyopimwa au kukokotolewa nanyi, ili kama hesabu yangu ina hitilafu ionekane wapi. Nielezeni ni sehemu gani ya protini inatoka kwa wanyama, na mafuta hayo ya wanyama ni ya mnyama gani. Semeni pia kama mchanganyiko huu mpya ulijaribiwa kwa kulishwa mbwa au ulikamilishwa kwa hesabu ya karatasi pekee. Jaribio la AAFCO kwa mbwa wazima huchukua wiki 26 na huanza na mbwa wasiopungua wanane, hivyo si jambo ambalo kampuni inaweza kusahau kama ililifanya.

Mwongozo wa kulisha naomba urekebishwe mara moja, tena kwa gramu, na wateja walionunua mifuko ambayo tayari iko madukani watangaziwe, kwa kuwa wapo wasiokuwa na mizani na wanaoamini kikombe chenu. Kwa upande wangu, ninayo mifuko miwili ambayo haijafunguliwa, pamoja na stakabadhi zake. Sihitaji kuponi wala kubadilishiwa na toleo jingine. Naomba mwichukue na kunirudishia fedha kamili.

Nitasubiri jibu lenu kwa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Muda huo ukipita bila jibu, nitapeleka nakala yake, pamoja na picha za lebo zote mbili na za kikombe kikiwa juu ya mizani, kwa mamlaka inayosimamia vyakula vya mifugo na kwa chombo cha kulinda haki za walaji.

Wenu mwaminifu,

Mteja.

Viambatanisho: picha za lebo za mifuko miwili, picha za vipimo vya kikombe, nakala za stakabadhi, na nakala ya jibu lenu la awali.