Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na habari za masiku. Nawashukuru mliofika. Tumesubiri akidi kwa dakika 50, haikutimia, na Katibu ameshauri tuendelee hivyo hivyo.

Ya kawaida mnayajua. Tumecheza michezo yetu ya mezani ya vita vya zamani, kwa askari wadogo na dadu, Jumapili 11 kati ya 12. Ile ya Agosti ukumbi ulikuwa na harusi. Katika mapigano ya vita vya Uingereza kati ya Mfalme Charles na Bunge tumecheza Edgehill mara 2, Marston Moor mara 1, na kuzingirwa kwa mji wetu huu wa Leicester, Mei 1645, ambako watoto walifurahi kuliko watu wazima. Nimepaka rangi askari 96 wa mikuki mirefu kwa mkono wangu, usiku, baada ya kazi, na kila mkuki ni waya nilioukata mwenyewe. Atakayesema chama hakijafanya kitu aje aone vidole vyangu.

Sasa la Naseby, pigano tulilolifanya mchezo mkuu, maana limesemwa sana pembeni na mimi sikuitwa.

Februari wanachama 9 walipiga kura kulegeza kanuni ya kufukuza: kikosi cha farasi kikishamvunja adui kirushe dadu, 3 kwenda juu kisimame na kurudi vitani, chini ya hapo kiendelee kumfukuza hadi nje ya meza. Siku ya mchezo mkuu, kabla ya zamu ya kwanza, mimi kama mwamuzi nilirudisha kanuni ya zamani kwa farasi wa Mfalme: 6 peke yake. Ni kweli sikuitisha kamati. Kamati ina watu 5, nami nikiwamo. Wawili walikuwa Muscat kwa ndugu zao, mmoja hapokei simu, na aliyebaki ndiye aliyekuwa akicheza Rupert, kamanda wa farasi wa Mfalme. Ningemuuliza nani?

Rupert alimvunja Ireton, kamanda wa farasi wa Bunge, katika zamu ya 3, kwa ustadi, nampongeza. Akarusha dadu. Ikabingirika, ikagonga ua wa vichaka wa Sulby, ule wa sponji ya kuoshea vyombo wanaojificha nyuma yake dragoni wa Okey, yaani askari wa bunduki wa Bunge, ikatulia kwenye 4. Kwa kanuni ya Februari angerudi. Kwa yangu, vibao vyake 8 vya farasi vilitolewa mezani vikawekwa kwenye kiti kando ya birika la chai, vikakaa hapo mpaka askari wa miguu wa Mfalme walipozingirwa wakasalimu amri. Sauti zilipanda. Sambusa zilibaki.

Ndugu zangu, hiki ni chama cha historia, si cha ludo. Tarehe 14 Juni 1645 Rupert alifanya hayo hayo. Alimshinda Ireton, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mizigo ya Bunge, walinzi wakamjibu kwa risasi, na aliporudi askari wa miguu wa Mfalme walikuwa wamekwisha. Upande wa pili Cromwell, kamanda mwingine wa farasi wa Bunge, naye alimshinda Langdale wa Mfalme, lakini alituma sehemu tu ya farasi wake kumfukuza, waliobaki akawageuzia katikati. Wala si Naseby tu. Edgehill, 1642, farasi wa Mfalme walifukuza hadi Kineton wakaacha wenzao wa miguu peke yao. Ndiyo sababu Cromwell nilimwachia 3 na Rupert nikampa 6. Mfalme alikuwa na watu wasiofika 10,000 mbele ya kama 14,000 wa Bunge. Mkimrudishia farasi wake kila anapowataka, mnabadilisha vita vyenyewe. Na kama Cromwell alichezwa na mpwa wangu, ni kwa sababu mpwa wangu alifika saa nne kamili. Wengine mngefika, mngecheza.

Mahudhurio ndiyo yanayonisikitisha hasa. Safari ya kwenda kuona uwanja wenyewe wa Naseby walijiandikisha 17, kituoni tukawa 6, mmoja wao dereva. Wale 6 hawajanilaumu hata siku moja. Walisimama pale upepo ukiwapiga, wakaona ardhi inavyopanda na kushuka: ukishavuka mgongo wa kilima, bonde ulilotoka hulioni tena. Mtu aliyesimama pale haulizi kwa nini Rupert hakurudi mapema. Lakini wanaosema sana hawakuja, na aliyesema kuliko wote alinitumia ujumbe kwamba kuna manyunyu.

Fedha, kama nilivyoletewa na Mweka Hazina: wanachama 31, waliolipa ada 14, kwa pauni 24 kila mmoja ni 336, chai na sambusa 118, jumla 454. Ukumbi 300, askari, rangi na vibao 131, jumla 431. Zimebaki 23. Katika hizo 23 mimi nakidai chama 60 nilizokopesha Machi. Sizitaji ili nisifiwe, ila zisisahaulike. Wanachama 17 hawajalipa, na yupo mmoja, simtaji, amekaa karibu na mlango, anayedaiwa miaka 3 na ndiye anayekunywa chai nyingi.

Mwakani, Mungu akipenda, tutajitahidi kuongeza vijana, tutafute ukumbi wenye taa nzuri, na labda tufanye ile ndoto ya Fort Jesus, Waomani na Wareno, 1696 hadi 1698, maana wengi wetu tuna jamaa Mombasa na mikuki hii itafaa kwa upande mmoja angalau. Ngome imeanza: maboksi mawili ya viatu, yapo kwangu. Suala la 3 au 6 litajadiliwa muda ukipatikana.

La mwisho, kisanduku cha wapiga ngoma na washika bendera hakikurudi kabatini tangu siku ya Naseby. Aliyekichukua kwa hasira akirudishe. Hatutauliza.

Mwenyekiti