Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mihimili ya Madaraja ya Reli Ilivyoagizwa Ng'ambo

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atawasomea Mweka Hazina, na kumbukumbu za mkutano uliopita mmeshagawiwa, kwa hiyo sitazirudia. Nitajikita kwenye kazi iliyoishughulisha zaidi kamati ya utafiti: jinsi mihimili ya chuma ya Reli ya Uganda ilivyoagizwa, ikasafirishwa na kuungwa. Madaraja yenyewe tunayafahamu kwa macho. Karatasi zilizoyatangulia ndizo tusizozifahamu, na humo ndimo kazi ilimofaulu au kuharibika.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Ununuzi haukuamuliwa huku. Kamati iliyosimamia reli ilikaa London chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, ushauri wa kihandisi ukitoka kwa Sir Alexander Rendel, na mhandisi mkuu George Whitehouse akiwa huku kwenye njia. Kipimo kikikosewa bondeni, kosa lilivuka bahari, likachongwa chumani, likarudi likiwa limeshalipiwa.

Vipimo vilivyotakiwa vilikuwa vichache lakini havikuwa na msamaha: umbali kutoka kitovu cha egemeo moja (mahali mhimili unapokalia nguzo) hadi la pili (si kutoka ukuta hadi ukuta, kosa ambalo wanafunzi hulifanya mpaka leo), kimo cha kila egemeo, mteremko na kona ya njia, na uzito wa kila ekseli ya injini nzito kuliko zote. Mara nyingi nguzo za mawe zilijengwa wakati chuma bado kiko safarini. Fundi mwerevu hakuzifunga bolti za egemeo mapema. Aliacha mashimo wazi kwenye uashi, akaweka mhimili, akaunyoosha, ndipo akamimina saruji.

Kiwandani kila kiungo kilichorwa kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu ya mbao, zikakatwa ruwaza, yaani vielelezo vya kufuatisha, na kwa ruwaza hizo matundu ya ribiti (pini za chuma zinazopigwa zikiwa za moto ili kuunga mabamba) yakatobolewa. Mkataba mzuri ulidai daraja liungwe kwanza uwanjani kwa bolti za muda, likaguliwe, kila kipande kipigwe alama, kisha lifumuliwe, lipakwe rangi na kupakiwa. Daraja la Maporomoko ya Victoria lilijaribiwa hivyo Darlington, Uingereza, kabla ya kupelekwa Beira, Msumbiji, kwa meli na kupanda treni. Hata hivyo, Aprili 1905, nusu mbili za tao zilipokutana juu ya mto Zambezi, chuma kilikuwa kimezidi kwa takriban inchi 1 na robo. Kiwanda hakikukosea. Ni jua. Mafundi walisubiri baridi ya usiku, na alfajiri kipande kikaingia. Hesabu yake ni nyepesi: chuma cha mita 60 kikipanda joto kwa nyuzi 20 za Selsiasi hurefuka takriban milimita 14, ndiyo maana mhimili mrefu huwekwa egemeo lisilosogea upande mmoja, na rola au bamba la kuteleza upande wa pili.

Sasa kuhusu zabuni. Madaraja marefu 27 ya Reli ya Uganda upande wa milima ya Mau hayakutoka Uingereza, ingawa nchi ilikuwa chini ya himaya yake. Yalitoka Marekani, kwa American Bridge Company, iliyowashinda Waingereza kwa bei na kwa muda wa kuleta mzigo. Sudan ilikuwa imeshatangulia: daraja la mto Atbara, lililofunguliwa Agosti 1899, lilipewa kiwanda cha Pencoyd cha Pennsylvania kwa sababu hiyohiyo ya muda, na likazua manung'uniko makubwa Uingereza. Wamarekani walizoea miundo yenye vipande vinavyojirudia, ambapo ruwaza moja hutoboa mamia ya mabamba. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyowapa ushindi, kuliko urahisi wa bei.

Ila vipande vinavyofanana vina balaa lake. Katika minara ya chuma inayobeba daraja, mguu wa kushoto na wa kulia huonekana pacha mpaka matundu yakatae kulingana. Kilindini, bandari ya Mombasa, haikuwa bado na gati la maji marefu, kwa hiyo mzigo ulishushwa kwenye matishali, ukapandishwa tena ufukweni, kisha kwenye mabehewa. Kila mshuko ulikuwa nafasi ya mnyororo kupinda ukingo wa bamba, au pipa la ribiti kubaki nyuma. Waagizaji waliongeza ribiti za ziada, kiasi cha asilimia 10, maana nyingine huungua motoni na nyingine hudondoka mtoni. Mpangilio wa ngama (tumbo la meli) nao ni muhimu: vinavyohitajika kwanza hupakiwa mwisho. Ukikosea, minara hukaa ikisubiri miguu iliyofukiwa chini ya mihimili, na treni hupita njia ya muda inayozunguka bonde.

Ribiti iliyopigwa moto ilinywea ikipoa, ikayabana mabamba. Ukitaka kujua kama bado inashika, weka kidole upande mmoja wa kichwa chake na ugonge upande mwingine kwa nyundo ndogo. Ikitetemeka kidoleni, imelegea. Michirizi ya kutu inayotoka chini ya kichwa husema hivyohivyo.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba kila tawi lirekodi alama za chuma. Tazameni ubavu wa mhimili, ambako jina la kiwanda kilichoviringisha chuma, kwa mfano Dorman Long au Carnegie, huwa limejitokeza kwa herufi zilizoinuka, na miisho ya vipande, ambako namba za kuungia zimegongwa. Zisugueni kwa chaki bapa kwenye karatasi nyembamba. Msikwangue rangi: ya kwanza kwa kawaida ni nyekundu yenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Pimeni kwa futi na inchi kwanza, mita baadaye, kwani ndivyo vilivyochorwa. Kibali cha mwenye njia kipatikane kwa maandishi kabla ya mtu yeyote kukanyaga darajani, na fomu zimfikie Katibu zikiwa na namba ya daraja, upande wa mto na tarehe.