Asante uliyeniambia nisikilize kwanza

Ndugu yangu uliyenisaidia na friji kuukuu ya kwenye banda la gari, asante sana. Ilikuwa inazima yenyewe, inakaa kimya muda mrefu, kisha inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Nilishaamini kompresa, yaani pampu inayoendesha ubaridi, imekufa. Wewe ukasema nisikilize kwanza: “tik”, mngurumo mfupi, “tik” tena, kimya. Ukasisitiza nichomoe plagi kabla ya kugusa chochote. Nilipoitoa relei, kile kifaa kidogo kinachoiwasha kompresa, ubavuni mwake na kuitikisa karibu na sikio, ililia kama kayamba, na ilinuka kuungua. Nimeweka mpya inayolingana nayo, nikasugua na vumbi lililoganda kwenye koili za nyuma. Sasa inanguruma vizuri usiku kucha. Friji hii aliniachia mama. Mungu akubariki.