Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Majeraha ya Macho Katika Karakana Zetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba kuzungumzia macho, kwa kuwa hakuna jambo lililonikosesha usingizi mwaka huu kama hilo.

Tumezoea kuamini kwamba adui wa macho ya fundi chuma ni mwanga wa kuchomelea. Ni kweli unaunguza: fundi hufunga kazi akiwa mzima, kisha usiku wa manane huamka macho yakimchoma kana kwamba yametiwa mchanga. Hata hivyo, maumivu hayo kwa kawaida hutulia baada ya siku moja au mbili. Ninachokihofia zaidi ni grainda na nyundo. Punje ya moto inayoruka kutoka kwenye jiwe la grainda hunasa juu ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kuanza kutoa kutu mapema, ilhali kipande kinachochomoka chuma kinapogongwa kwa chuma kinaweza kuzama ndani kabisa na kuacha tundu dogo ambalo mwenyewe halioni.

Mwezi Agosti kijana anayejifunza kazi kwa mwenzetu aliingiwa na punje. Jirani alimlaza kwenye benchi, akamfunua kope na kuikwangua kwa njiti ya kiberiti mpaka ikatoka. Siku ya tatu jicho lilikuwa jekundu na linatoa usaha, naye akanunua matone dukani bila kupimwa. Alimfikia daktari wa macho wiki ya pili, na leo ana kovu jeupe mbele ya mboni. Simlaumu jirani, maana alitaka kusaidia, na wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Ila matone mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo hufifisha wekundu huku vijidudu vikizidi kulila jicho.

Uchungu wangu ni kwamba jicho lile lingeweza kupona. Katika utafiti wa Bhaktapur, Nepal, uliochapishwa mwaka 2001, wahudumu wa afya vijijini waliwapaka watu waliokwaruzwa konea mafuta ya kloramfenikoli, dawa ya kuua vijidudu, na hakuna aliyetibiwa ndani ya saa 18 aliyepata kidonda. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 1998 yalitaja watu karibu milioni 19 waliopofuka au kupungukiwa uwezo wa kuona katika jicho moja kwa majeraha. Naamini wengi wao walipoteza siku kabla ya kupoteza jicho.

Wanaoumia zaidi ni wanaume vijana, na kwetu ni wanagenzi. Sababu tunaijua: karakana ina miwani moja, nayo ni ya bosi, huku grainda ikiachiwa dogo aliyevaa miwani ya jua ya barabarani.

Kamati ya Utendaji inaomba mkutano uridhie kwamba mwanagenzi asikabidhiwe grainda bila miwani ya kinga. Kwamba aliyeingiwa na punje apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kukwanguliwa. Kwamba jicho lililotobolewa na kipande lisikandamizwe, bali lifunikwe kwa kitako cha kikombe cha karatasi. Na kwamba aliyerukiwa na asidi ya betri au chokaa aoshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, ndipo apelekwe hospitali. Majerikeni yenye bomba yameshanunuliwa, moja kwa kila karakana, na yatagawiwa leo mlangoni.